Darasa la Kwenye Meza za Majani

Wambui,

Ulinikasirisha sana kwa kufa katikati ya muhula. Naanza na hilo kwa sababu wewe mwenyewe ulikuwa ukisema Mama Kiptoo hajui kuzungukazunguka, na sitajifunza leo. Ijumaa tulikunywa chai pamoja pale ofisi ya walimu, ukanicheka kwa vile nilivyomfokea kijana wa kuleta chaki, ukaniambia, "Punguza moto, pressure itakuchukua." Jumatatu ikawa imekuchukua wewe. Wewe ambaye hata darasa likipiga kelele ulikuwa unanyamaza tu mpaka wanyamaze. Sijui nimlaumu nani, kwa hivyo nakulaumu wewe kidogo, halafu nalia, halafu nakulaumu tena.

Tulikuzika Kipkelion, kwa kina mume wako Baba Njeri, mvua ikinyesha vile hunyesha kule, bila haraka na bila huruma. Nilizungumza kwa niaba ya walimu. Nilisema ulikuwa mchapakazi, ulipenda watoto, utakumbukwa. Maneno ya kila matanga. Nilitaka kusema kwamba umeniachia msichana nusu amefundishwa, na sikuwa najua nimfanye nini.

Tuliporudi huku kwetu juu ya Bomet, watu walianza kunijia mmoja mmoja, kwa upole, vile watu wetu huuliza jambo wakiwa wameshaliamua. "Madam, sasa lile darasa la Jumapili, si tuliache lipumzike kwanza?" Nikawauliza, limechoka na nini? Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, nilikuwa pale kituo cha majani ya chai na ufunguo wetu, napangusa meza.

Bado napenda kukumbuka ulivyoliona lile banda. Mimi nimelipita tangu utoto. Nilijua ni mahali pa kupeleka majani chai, yachaguliwe, yapimwe, lori liyabebe, basi. Wewe ulisimama tu barabarani na mkoba wako, ukasema, "Haiya, meza ndefu zote hizi, na paa, na Jumapili lori haliji?" Siku ileile ukamwendea mwenyekiti wa kituo na kile Kikipsigis chako cha kubomoka. Ulisema kongoi, asante, kabla hata hajakubali, ukaendelea kusema kongoi mpaka mzee wa watu akacheka, akatukabidhi ufunguo. Nilikuwa nimesimama nyuma yako naona aibu. Nyumbani kwenu mliuza dukani, mlijua kuomba kitu na uso mkavu. Sisi wa majani tunangoja tuitwe.

Tukawaita watoto wa kidato cha tatu na cha nne, wa shule za kutwa, na wale waliomaliza na wako tu nyumbani. Wengi hawakuwa wamewahi hata kusikia kwamba vyuo vya Amerika vina mtihani wao wa kuingilia, na kwamba mtoto wa hapa anaweza kuufanya. Wewe ukachukua kusoma na Kiingereza, mimi nikachukua hesabu. Hivyo ndivyo tulivyogawana, na mimi nilifikiri tutagawana hivyo mpaka tuzeeke.

Na Chebet ndiye alikuwa wa kwanza kufika karibu kabisa. Alifaulu vizuri kidato cha nne, lakini kufaulu kwa hapa kulimpa nafasi ya chuo ambayo wazazi wake hawangeweza kuilipia, hata wangeuza ng'ombe wote na kichaka cha mwisho cha chai. Halafu ukamtafutia kile chuo cha Amerika ambacho kilisema kitamsomesha bure kuanzia ndege mpaka kofia ya kuhitimu, mradi alete alama wanazotaka. Alifanya mtihani mara ya kwanza wewe ukiwa hai. Hakufika. Unakumbuka tulivyokaa jikoni kwako tukiyaangalia yale matokeo kwa simu kama watu walioletewa barua ya korti. Alikuwa amebakiwa na nafasi moja tu ya kurudia kabla chuo kifunge mlango.

Tulitoa karatasi zake zote za mazoezi, na kila mahali tukakuta kitu kilekile, maswali aliyoacha wazi. Yale aliyojibu, karibu yote yalikuwa sawa. Yale mengine aliyaacha meupe. Ulimwambia kwa upole, mimi nikamwambia kwa ukali, kwamba mtihani huu haupunguzi alama ukikosea, ukibahatisha huna unachopoteza. Alikuwa anaitikia, "Ndio, Madam," na Jumapili inayofuata anaacha tena. Ulisema, "Huyu mtoto anajua. Kuna kitu kinamshika mkono." Hilo ndilo jambo la mwisho tulilozungumza kumhusu. Halafu ukaenda, ukaniacha na hicho kitu nikitafute peke yangu.

Wacha nikuambie ukweli kuhusu kusoma. Kazi yako ni ngumu na ulikuwa unanificha. Jumapili ya kwanza nilichukua yale mafungu yako ya kusoma, nikachagua moja la ndege fulani wa visiwani, wenye midomo mirefu na mifupi. Nikawasomea kwa sauti, na sauti yangu ilikuwa nzuri. Tukafika kwenye swali: mwandishi anakusudia nini katika aya ya pili. Nikaangalia aya ya pili. Nikaona midomo tu. Nikawaambia watoto tuanze na la hesabu kwanza. Yule mvulana mrefu wa nyuma akanong'ona, "Madam amehepa," na mimi nikajifanya sijasikia kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Usiku wa siku hizo nilikuwa naenda kulala na vitabu vyako. Baba Kiptoo akawa ananiuliza kama narudi shule. Nikamwambia ndiyo, narudi, na usizime taa. Uliandika pembeni kwa penseli, maandishi yako madogo yale ya kunyoosha, "waulize kila aya inafanya kazi gani." Inafanya kazi gani. Hiyo niliielewa. Hata kwenye hesabu kila mstari una kazi. Tangu hapo nikaanza kupata njia. Sifundishi kama wewe, na watoto wanajua, lakini sihepi.

Chebet alikuwa akija kila Jumapili, anakaa mwisho wa meza, anafanya kazi safi, anaacha meupe. Wiki zikawa zinakwisha. Nilianza kumwota. Nilimfundisha hila zote nilizojua: ondoa majibu mawili yasiyowezekana, chagua kwenye yaliyobaki. Anaondoa mawili vizuri kabisa, anabaki na mawili, anaangalia, anaondoka. Anaenda swali lingine. Mungu wangu, Wambui, ilikuwa inaniuma kifuani.

Siku moja nilishindwa. Nilichukua karatasi yake mbele ya wenzake wote na nikafoka. Nikamwuliza, "Kwani hizi nafasi unamwekea nani? Kuna mtu mwingine anakuja kuzijaza?" Darasa zima likaangalia chini. Najua ungenivuta kando, na sikuwa na mtu wa kunivuta. Chebet hakulia. Aliweka mkono juu ya meza, ile meza yenyewe, akaipapasa. Akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Madam, si jani moja ngumu ikiingia, gunia yote inarudishwa?"

Sikumwelewa. Nikamwambia aseme tena. Ndipo akaeleza. Alikuwa mdogo, anachuma na mama yake, na kwa kutaka kikapu kijae haraka alichanganya majani magumu, yale ya chini yaliyokomaa, badala ya majani mawili laini na chipukizi. Karani wa kituo akaingiza mkono kwenye gunia, akayatoa yale magumu, akamwonyesha mama yake mbele ya watu wote kwenye foleni. Gunia zima likarudishwa. Mama yake alilibeba mpaka nyumbani kwenye mvua, akalimwaga kando ya njia, na hakumwambia Chebet neno hata moja. Tangu siku hiyo kazi ya Chebet nyumbani ni kusimama kwenye meza hizi na kuchagua majani kabla karani hajafika. "Nikiwa na shaka na jani, natupa," akasema. "Hata kama inaonekana sawa. Heri iwe kidogo na isirudishwe."

Nilikaa chini. Wambui, nilikulia kwenye meza hizi. Mama yangu alinifundisha vivyo hivyo, kwa maneno yayo hayo. Tulikuwa tumewaleta watoto mahali ambapo mikono yao ilifundishwa tangu utoto kutupa chochote cha kutilia shaka, halafu tunawaambia wasitupe. Nikawauliza wengine. "Na wewe? Na wewe?" Wakainua mikono mmoja baada ya mwingine, hata yule mrefu wa nyuma. Wote huacha meupe. Chebet tu ndiye huacha mengi, kwa sababu yeye ndiye mchaguzi mzuri kuliko wote.

Nililala na hilo siku kadhaa. Ningeweza kuwaambia tena kwamba hakuna kupunguziwa alama, lakini hilo walilijua vichwani. Mikono ndiyo haikujua. Kwa hivyo Jumapili iliyofuata niliamka mapema nikaingia kwenye chai yangu mwenyewe, nikachuma kikapu kizima kwa vurugu. Laini, magumu, yaliyoliwa na wadudu, hata vijiti. Baba Kiptoo alisimama mlangoni na kikombe, akaniuliza kama niko mzima. Nikamwambia ningekuwa mgonjwa ningechuma vizuri.

Watoto walipofika nikamwaga kikapu mezani. Mikono yote ikaenda kuchagua, yenyewe, bila kuambiwa. Nikapiga meza. "Hakuna kuchagua. Leo mimi ndio karani, na mimi ni karani wa ajabu." Nikashika mizani. Nikawaambia kila mtu alete kiganja kimoja cha chochote. Nikatoa yaliyo mazuri nikaweka kwenye mizani, magumu nikayaangusha chini, sikusema kitu, nikamwita anayefuata. Hakuna gunia lililorudi. Hakuna mama wa mtu aliyeaibishwa. Wakaanza kucheka. Nikamwita Chebet, naye akaja na majani matatu mazuri tu kwenye kiganja. Haki ya Mungu, matatu. Nikamwambia arudi alete kiganja kizima. Akaleta. Kulikuwa na jani moja katikati, si laini si gumu, unajua yale yanayotatiza hata karani mwenyewe. Nikamwuliza, "Hili?" Akasema, "Sijui, Madam." Nikasema, "Weka." Akaniangalia. Akaweka. Nikalipima.

Karani mwenyewe alikuwa anapita akitoka kanisani na familia yake. Akasimama pale kwenye ukuta, akaangalia vile ninavyofanya, akasema, "Madam, sasa unaniharibia watu." Nikamwambia Jumatatu ni yake, Jumapili ni yangu. Akacheka, akaenda.

Basi tukaanza upya. Nikawaambia kile kipaji chenu cha kuchagua msikitupe, kipelekeni mahali pengine: chagueni majibu, msichague maswali. Kwenye kila swali tupeni majibu mabaya bila huruma, na kinachobaki, hata kama mna shaka, wekeni kikapuni. Haikuwa miujiza. Jumapili hiyo Chebet aliacha kama kawaida yake kisha akarudi akajaza mawili matatu, kama anaiba. Iliyofuata akajaza zaidi. Nilikuwa natembea nyuma yake na kila akifika kwenye shaka ninasema neno moja tu, weka. Baadaye wenzake wakawa wanamwambia. Weka, Chebet. Mwishowe hakuna aliyekuwa anasema kitu, na karatasi inajaa.

Baba Njeri alileta kompyuta yako kutoka Kipkelion ili Chebet afanye mazoezi kamili, kwa sababu mtihani siku hizi ni wa kompyuta. Aliifunga kwa kile kitenge chako cha njano. Aliiweka mezani, akasema, "Mwenyewe angeniuliza imefika ama haijafika," akageuka upesi kwenda. Sikumzuia. Kuna siku mtu anataka kuonwa na kuna siku hataki.

Nairobi, nilikompeleka Chebet kwa mtihani, tulilala kwa dada yako Nyokabi. Hukuwahi kuniambia kwamba mna sauti moja. Alipotuita mezani, "Njooni mle ugali ukiwa moto," ilinibidi niingie bafuni nifungue maji ili nilie bila kusikika. Nilikulilia vizuri siku hiyo, Wambui, kuliko mazishini. Nilipotoka Nyokabi alikuwa amelia pia. Tukala.

Siku ya mtihani nilingoja nje na wazazi wengine, wenye magari na miwani ya jua. Mama mmoja akaniuliza wa kwangu anasoma shule gani. Nikamwambia anasoma kituo cha majani. Akafikiri ni jina la shule ya kimataifa, akaitikia kwa kichwa kwa heshima, na mimi nikaacha afikiri hivyo. Nilikuwa na chai kwenye chupa na sikuweza kuinywa. Nilikuwa nikiomba, na ombi langu halikuwa la alama. Nilikuwa nasema, weka, weka, weka, kama mtu aliyepagawa.

Akatoka. Akatembea pole pole mpaka nilipo, akashika mkanda wa mkoba wangu vile watoto wadogo hushika nguo ya mama. Akasema, "Madam, nimejibu yote." Nikamwuliza, yote? "Yote. Ingine sikuwa na hakika. Lakini nimeweka."

Hapo nilijua kwamba hata matokeo yakija vibaya, kuna kazi imefanyika. Lakini usifikiri nilitosheka na hilo. Sikutosheka. Mimi nilitaka mlango ufunguke, si kujifunza somo zuri la maisha, na mtoto huyu alistahili mlango. Nilingoja yale matokeo kwa hasira.

Yalikuja siku ya kazi, nikiwa darasani. Chebet alinitumia picha kwenye simu, bila neno. Nikaangalia, nikatoka nje somo likiwa katikati, nikasimama pale kwenye mfereji wa maji, na mkono wangu wenyewe ukabonyeza nambari yako. Yako, Wambui. Ikaita. Ikashikwa. Alikuwa Baba Njeri. Kumbe anaiweka chaji.

Naye hakuniuliza kwa nini nimekupigia. Aliniuliza tu, "Ni ya yule msichana?" Nikasema ndiyo. Nikasikia jembe likianguka na miguu yake ikitembea kwenye majani ya mahindi. Akasema, "Niko hapa karibu naye. Naweka sauti kubwa. Mwambie mwenyewe."

Na mimi, Madam mwenye mdomo, niliyemfokea mkuu wa shule na mtoto wa watu na karani wa majani, sikuweza. Nilisikia upepo wa kwenu Kipkelion kwenye simu. Nikakata. Nilimkatia mume wako simu akiwa amesimama kando ya kaburi lako, mkono wenye simu umenyooshwa. Nimemwomba msamaha, na amesema alielewa, lakini habari yenyewe alikataa kukupelekea. Alisema hiyo si yake.

Kwa hivyo naandika, na barua hii nitaileta mimi mwenyewe kesho Jumamosi, nikusomee kwa sauti, nifike mpaka hapa bila kukata:

Amefika, Wambui. Chebet amefika alama zao na kuzipita. Chuo kimeandika kwamba kinamngoja. Mama yake alikuja kwangu na kuku na maziwa ya mursik, akasimama mlangoni, nikamwambia najua, ingia tu. Alilia akiwa amekaa kwenye kiti chako.

Sasa ahadi yangu. Hilo darasa silifungi. Kuna watoto wapya, wamekuja mpaka kutoka Soin, na kila mmoja ana mkono uleule wa kutupa. Nitafundisha hesabu yangu na kusoma kwako, vibaya mwanzoni na vizuri baadaye, na siku nikipata mwalimu mwenye moyo kama wako nitamwachia nusu yako, nusu tu. Nisipompata nitaendelea na zote mbili. Ukinisikia nafoka, ujue niko kazini.

Lala salama, rafiki yangu. Saisere, kwaheri ya kwetu. Kesho kutwa ni Jumapili, na ufunguo ninao mimi.

Wako,
Mama Kiptoo